Tambazi au selulaitisi? Kuuelewa mguu uliolala mzima ukaamka umevimba

Shangazi yangu alianza na baridi. Saa kumi alasiri, jua la Muheza bado linachoma mabati, yeye amejikunyata kitandani na kanga mbili juu ya blanketi, meno yanagongana. Kila mtu nyumbani akasema malaria. Tukampeleka zahanati, akatobolewa kidole, kipimo kikaonyesha hana malaria. Akapewa vidonge vya kushusha homa, tukarudi naye. Usiku akalalamika kwamba mguu wa kushoto unamvuta, nasi tukasema ni uchovu wa shamba. Asubuhi aliposhusha miguu kitandani, wa kushoto hakuweza kuukanyagia. Kuanzia kifundo hadi katikati ya ugoko ulikuwa umejaa, mikunjo ya ngozi imepotea, unang'aa kama umepakwa mafuta, na ukisogeza kiganja, joto linakupokea kabla hujagusa.

Jirani aliyekuja kumjulia hali aliutazama mara moja tu. "Hilo tambazi," akasema. "Asithubutu mtu kumchoma sindano, mtamzika."

Ilituchukua nusu siku kumshawishi shangazi apande gari kwenda hospitali, kwa sababu ya maneno hayo. Alipona, namshukuru Mungu. Ila nusu siku ile haijanitoka moyoni. Maneno ya jirani nimeyasikia tena na tena tangu hapo, Tanga na Dar es Salaam, misibani na kwenye makundi ya WhatsApp, na kila mara yanasemwa na mtu mwenye nia njema kabisa. Ndiyo maana nataka tulifungue neno hili tambazi polepole, tuone ndani yake mna nini.

Jina lenyewe ni la kutambaa. Wazee waliolitoa walikuwa na macho mazuri: waliona uvimbe wenye maumivu ambao hautulii, leo uko kwenye kifundo, kesho umefika gotini. Lakini jina hilo linaeleza mwendo wa ugonjwa, halielezi chanzo chake. Ni kama kusema gari limezima njiani. Ni kweli limezima, ila fundi bado hajajua kama mafuta yameisha, betri imekufa au mkanda umekatika, na hawezi kutengeneza kabla ya kujua. Chini ya jina tambazi watu hukusanya magonjwa kadhaa yasiyofanana: jipu lililojificha ndani, usaha ndani ya msuli, wakati mwingine hata damu iliyoganda kwenye mshipa. Na mara nyingi sana, kinachoitwa tambazi ni kile ambacho hospitali wanakiita selulaitisi.

Selulaitisi ni maambukizi ya bakteria kwenye tabaka la ndani la ngozi na kwenye mafuta yaliyo chini yake. Basi. Haihusiani na selulaiti, vile vibonyebonye vya mafuta mapajani vinavyotangaziwa krimu mitandaoni. Majina yamekaribiana, lakini selulaiti ni umbile la kawaida la mwili na wala si ugonjwa, wakati selulaitisi isiyotibiwa inaweza kuua.

Ukitaka kuelewa kwa nini inasambaa, fikiria godoro la sponji. Kitambaa cha juu ndiyo ngozi tunayoiona. Sponji iliyo chini ndiyo tabaka la ndani pamoja na mafuta. Sasa maji yakipenya kwenye tundu dogo la kitambaa, hayakai pale pale. Yanatembea ndani ya sponji, yanaenda pembeni, na kwa juu unaona tu doa linalopanuka lisilo na ukingo unaoeleweka. Hiyo ni selulaitisi. Jipu ni kitu kingine: ni maji yaliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Yana mpaka, yamejaa sehemu moja, ukitoboa yanatoka. Ndiyo maana jipu hupasuliwa likapata nafuu, na ndiyo maana anayechanja selulaitisi kwa wembe akitafuta usaha haupati. Hakuna mfuko wa kutoboa. Anachoongeza ni milango mipya.

Mlango wenyewe uko wapi

Bakteria wanaosababisha selulaitisi si wageni. Wengi wao ni wa jamii ya streptokoki, wale wale ambao wengine wa ukoo wao huleta vidonda vya koo kwa watoto, na wengine ni stafilokoki, ambao watu wengi wazima kabisa tunatembea nao puani na juu ya ngozi bila kuumwa. Wakiwa nje hawana madhara. Ngozi ni ukuta, nao wako nje ya ukuta. Shida inaanza ukuta unapopata ufa.

Na ufa huo hauhitaji kuwa mkubwa. Mchubuko wa jembe, mwiba, kuumwa na mdudu ukajikuna hadi ngozi ikachubuka, upele, tundu la funza, kidonda cha tetekuwanga, kisigino kilichopasuka magaga, chale za mganga. Lakini mlango unaosahaulika kuliko yote uko katikati ya vidole vya miguu, hasa kati ya kidole cha mwisho na kinachofuata. Hapo ndipo fangasi hukaa. Ngozi inakuwa nyeupe, imelowa, inanyofoka, na chini yake kuna mpasuko mwembamba kama uzi.

Kule hospitali, muuguzi aliyempokea shangazi hakuanza na uvimbe. Alivaa glovu, akapiga magoti, akaanza kupanua vidole vya mguu ule kimoja baada ya kingine. Kufika cha mwisho akasimama, akatuita tusogee tuone. Palikuwa na ufa usiozidi urefu wa punje ya mchele. "Mlango ni huu," akasema. Shangazi alikuwa ameishi na fangasi huyo miaka mingi, akimwona ni kero ya kuwasha tu wakati wa mvua.

Nimeona niseme hili kwa sababu mguu unaovimba ghafla usiku mmoja, bila ajali wala pigo, huleta maneno mengine kwetu. Watasema amekanyaga kitu, ametupiwa, kuna mtu hamtakii mema. Siwadharau wanaosema hivyo, maana kweli inatisha kuona kiungo kizima kikigeuka hivyo kati ya magharibi na alfajiri. Ila kabla ya kumtafuta adui mtaani, panueni vidole vya mgonjwa mwangalie.

Ugonjwa huu pia hauambukizi kama mafua. Unaweza kulala na mgonjwa kitanda kimoja, kula naye sahani moja, kumwogesha. Osha mikono yako baada ya kugusa kidonda, inatosha.

"Wekundu" ambao kwetu si mwekundu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapopotezwa. Ukifungua maelezo ya selulaitisi kwenye mtandao, jambo la kwanza utakaloambiwa ni wekundu, na picha utakazoonyeshwa ni za miguu ya Wazungu, imewaka kama nyanya. Halafu unatazama mguu wa mama yako, huoni wekundu wowote, unaamua si hiyo.

Kwenye ngozi nyeusi rangi haiendi hivyo. Mara nyingi eneo linakuwa jeusi zaidi kuliko jirani yake, au linapata rangi ya zambarau, au linaelekea kijivu. Kwa mtu mweusi sana rangi inaweza isibadilike kabisa machoni pako. Kwa hiyo usitegemee jicho peke yake. Tumia mambo mengine manne: joto, uvimbe, maumivu na mng'ao. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye mguu mzima, kisha uhamishie kwenye ule unaouma. Mgongo wa kiganja unahisi tofauti ya joto vizuri kuliko kiganja chenyewe. Bonyeza polepole uone kama anashtuka. Tazama kama vinyweleo na mikunjo ya kawaida vimepotea, ngozi imevutika, inang'aa. Wakati mwingine vitundu vya vinyweleo vinaonekana vimezama, ngozi inafanana na ganda la chungwa.

Angalia na kinena. Kama mguu ndio unaoumwa, mara nyingi tezi za kinena cha upande huo huo huvimba na kuuma, ule mtoki ambao bibi zetu waliufahamu bila kusoma udaktari. Ugonjwa ukiwa mkononi, mtoki unakuja kwapani. Maana yake ulinzi wa mwili umepata taarifa na umeanza kupambana. Baadhi ya watu huona pia mstari unaopanda kutoka kwenye eneo linalouma kuelekea kwenye mtoki. Hiyo ni mishipa ya limfu, mifereji ya kuondoa maji ya ziada, ambayo imewaka, na mtu mwenye mstari huo asisubiri kesho.

Kisha homa. Homa na kutetemeka vinaweza kuja saa kadhaa kabla mguu haujaonyesha chochote, kama ilivyokuwa kwa shangazi. Kwenye maeneo yetu kila baridi ya jioni ni malaria hadi ithibitike vinginevyo, na ni sawa kupima. Lakini kipimo kikikosa vimelea, kazi haijaisha. Na hata kikiwapata bado haijaisha, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na malaria na selulaitisi kwa wakati mmoja. Mvueni soksi mgonjwa. Inueni gauni, kanzu, suruali, mtazame ngozi kuanzia vidoleni hadi mapajani.

Kipi si selulaitisi

Nitapita haraka hapa. Selulaitisi kwa kawaida hushika upande mmoja. Miguu yote miwili ikivimba kwa pamoja, bila homa wala joto, fikirieni kwanza moyo, figo, ini au mishipa ya kurudisha damu iliyochoka, na mgonjwa akapimwe kwa hayo. Maumivu makali yaliyojikusanya kwenye kiungo kimoja tu, hasa shina la kidole gumba cha mguu, mara nyingi huwa ni jongo. Malengelenge yaliyojipanga kwenye mkanda upande mmoja wa mwili ni mkanda wa jeshi. Wekundu unaowasha zaidi kuliko kuuma, uliokuja baada ya krimu mpya au majani fulani, unaweza kuwa mzio.

Ambao sipendi upitwe ni damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Nao huvimbisha mguu mmoja, nao huleta joto na maumivu kwenye shavu la mguu, hasa kwa aliyelala kitandani muda mrefu, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mjamzito au mzazi mpya. Hatari yake ni bonge hilo la damu kukatika na kusafiri hadi mapafuni. Kwa macho ya nyumbani huwezi kutofautisha kwa uhakika, na hata daktari mara nyingine atataka picha ya ultrasaundi. Hii peke yake inatosha kuwa sababu ya kutouchua mguu uliovimba. Kumchua kwa nguvu mtu mwenye damu iliyoganda kunaweza kulihamisha bonge lile, na kumchua mwenye selulaitisi ni kumtesa bure.

Kalamu

Muuguzi yule alipomaliza na vidole, alitoa kalamu mfukoni, akachora mstari kuzunguka mpaka wa uvimbe, palepale ambapo joto linaishia. Pembeni akaandika tarehe na saa. Shangazi akamwangalia kwa mshangao, kuchorwa mguuni kama gunia la mahindi. Lakini katika yote niliyoyaona siku ile, hilo ndilo ningependa kila nyumba ilijue, kwa sababu halina gharama na linamaliza ubishi. Bila mstari, mmoja anasema umepungua, mwingine anasema umeongezeka, na mgonjwa mwenyewe hajui. Ukiwa na mstari, unaona. Kama uko mbali na hospitali na ni usiku, na huna dalili za hatari nitakazozitaja mbele, chora, andika saa, na asubuhi uende na mguu wako uliochorwa. Daktari atakayekuona atajua kasi ya ugonjwa kwa kutazama mara moja.

Usishangae wasipokufanyia vipimo vingi. Selulaitisi hugunduliwa kwa macho, mikono na maswali. Kipimo cha kuotesha damu kutafuta bakteria hurudi bila kitu kwa wagonjwa wengi mno, kwa hiyo huachiwa wale waliozidiwa. Kupima sukari, hilo liombeni wenyewe hata wasipotaja. Watu kadhaa hugundua kuwa wana kisukari siku mguu unapovimba.

Dawa, na hofu ya sindano

Tiba ni antibayotiki. Kabla hazijakuwepo, maambukizi ya ngozi yaliyoanza na mkwaruzo yaliweza kummaliza mtu mzima mwenye nguvu. Mmoja wa watu wa kwanza kabisa kutibiwa kwa sindano ya penisilini alikuwa askari polisi wa Oxford, Uingereza, Albert Alexander, Februari 1941. Maambukizi ya streptokoki na stafilokoki yalikuwa yameshambulia uso wake, jicho moja limeshang'olewa, majipu yamesambaa. Alipoanza kuchomwa dawa, ndani ya siku chache homa ilishuka na hamu ya kula ikarudi. Lakini dawa iliyokuwepo ilikuwa kidogo sana, kiasi kwamba walikuwa wakiikamua kutoka kwenye mkojo wake ili wamchome tena. Ikaisha kabla hajapona. Ugonjwa ukarudi, akafariki Machi 15 mwaka ule ule. Ninapomwona mtu dukani akiomba kapsuli sita za mguu uliovimba "kwanza nijaribu", namkumbuka askari yule. Yeye aliishiwa dawa kwa sababu duniani hapakuwa na nyingine.

Leo selulaitisi ya kawaida, isiyo na dalili za hatari, hutibiwa kwa vidonge nyumbani, mara nyingi kwa siku 5 mpaka 7. Uchaguzi wa dawa una maana. Streptokoki wanaendelea kufa kwa penisilini hadi leo, lakini stafilokoki wengi hutengeneza kimeng'enya kinachoiharibu penisilini na hata amoksilini ya kawaida. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza kloksasilini, sefaleksini, au amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema, kuna nyingine. Kwa hiyo ile tabia ya kuomba kapsuli za "rangi mbili" bila kusema unaumwa nini, au kupewa dawa iliyobaki kwa jirani, ni kupiga mshale gizani. Na kufungua kapsuli ukanyunyizia unga wake juu ya ngozi hakusaidii hata kidogo. Rudi kwenye godoro: maji yako ndani ya sponji, wewe unapangusa kitambaa. Dawa inatakiwa ifike kwa njia ya damu.

Hapo ndipo sindano inapoingia. Mgonjwa mwenye homa kali, anayetapika, ambaye ugonjwa unakimbia, au mwenye kisukari kisichodhibitiwa, hupewa antibayotiki kupitia mshipa, kwa kuwa tumbo linachelewesha. Dawa hiyo inaingia kwenye mshipa wa mkono. Hakuna anayeuchoma uvimbe wenyewe. Sasa ile imani imetoka wapi? Sidhani kama ilizuliwa tu. Nadhani watu waliona kweli: mgonjwa amekaa na mguu siku 6 nyumbani, amekandwa, amechanjwa, sumu ya bakteria imeshaingia kwenye damu, ndipo anafikishwa hospitali akiwa hoi. Anachomwa sindano saa mbili usiku, anafariki saa nane. Wanaorudi nyumbani na maiti wanakumbuka kitu cha mwisho walichokiona, nacho ni sindano. Siku zile 6 hakuna anayezihesabu. Baada ya hapo mgonjwa mwingine anacheleweshwa zaidi kwa kuogopa sindano, anafika akiwa hoi zaidi, na imani inapata ushahidi mwingine. Inaniuma sana hii, kwa sababu ni hofu inayojilisha kwa vifo inavyosababisha yenyewe.

Mbali na dawa, kuna jambo moja linalofanya kazi kubwa: kuinua mguu. Mgonjwa alale, mguu uwekwe juu ya mito miwili au blanketi lililokunjwa hadi uwe juu kuliko moyo. Maji ya uvimbe yanashuka, maumivu yanapungua, na dawa inafika vizuri zaidi. Kukaa kwenye kiti mguu ukining'inia si kupumzika. Maumivu yanatosha kutulizwa na parasetamo. Kukanda kwa maji ya moto, kupaka mafuta ya taa, dawa ya meno, samli au chumvi kunaweza kuunguza ngozi ambayo tayari imechoka, na krimu za kuondoa muwasho zenye steroidi hupunguza ulinzi wa ngozi pale pale unapohitajika.

Jambo moja huwatisha wengi siku ya pili. Mtu amemeza dawa vizuri, na bado uvimbe umevuka mstari kidogo. Katika saa 24 hadi 48 za mwanzo hilo linaweza kutokea hata dawa ikiwa inafanya kazi, kwani bakteria wanaokufa humwaga vitu vinavyochochea uvimbe. Angalia hali ya mgonjwa: kama homa inashuka, anakula na maumivu yanalegea, endeleeni. Kama zimepita siku 2 hadi 3 na hakuna nafuu yoyote, au anazidi kudhoofika, rudini hospitali. Labda dawa siyo, labda kuna usaha umejificha, labda ugonjwa ni mwingine.

Usiku huu huu, si kesho

Kuna hali ambazo hazingoji. Maumivu makali kupita kiasi kuliko ngozi inavyoonekana, halafu sehemu hiyo ikafa ganzi. Ngozi kuwa nyeusi tii au kuota malengelenge yenye damu. Harufu mbaya. Ukibonyeza, unasikia kama kuna mchanga au hewa inachachatika chini ya ngozi. Uvimbe unaovuka mstari wa kalamu saa kwa saa. Hizo ni dalili za bakteria waliozama zaidi na wanaua nyama yenyewe, na huko dawa peke yake haitoshi, kunahitajika upasuaji wa haraka. Ni ugonjwa wa nadra, ila unahesabiwa kwa saa.

Vilevile mgonjwa anayechanganyikiwa, anayehema haraka, mwenye moyo unaokimbia, aliyelegea, asiyekojoa. Hapo maambukizi yameshauathiri mwili mzima. Na jicho: mtoto aliyevimba kope, jicho likasukumwa mbele, likauma kulizungusha au akaona vitu viwili viwili, apelekwe mara moja, kwa sababu nyuma ya jicho ni karibu mno na ubongo.

Mwenye kisukari nimweke peke yake. Mishipa ya fahamu ya miguu yake inaweza kuwa imekufa ganzi, akatembea na msumari ndani ya ndala siku nzima bila kujua. Kwake maumivu hayatampa taarifa. Anahitaji macho, yake au ya mtu mwingine, kila siku, juu na chini ya mguu.

Inaporudi

Aliyewahi kuugua selulaitisi mguuni ana nafasi kubwa ya kuugua tena kuliko asiyewahi. Kila shambulio huharibu kidogo mishipa ya limfu, ile mifereji inayoondoa maji ya ziada mguuni. Mifereji ikiziba, maji yanatuama. Maji yakituama, bakteria wanashamiri. Shambulio jipya linaziba tena.

Watu wa pwani yetu, kutoka Lamu na Kilifi hadi Tanga, Lindi na Mtwara, wanaujua mguu wa namna hiyo kwa jina la matende. Minyoo inayoletwa na mbu huharibu mishipa ya limfu, na kampeni za kumeza dawa zimelenga minyoo hiyo. Lakini zile homa za ghafla anazopata mwenye matende, mguu ukawaka na kumlaza siku kadhaa, kwa sehemu kubwa huletwa na bakteria wanaoingia kwenye nyufa za ngozi, siyo minyoo. Kwa hiyo anachohitaji kila siku ni kitu alichonacho nyumbani: maji safi, sabuni, kukausha vizuri kwenye mikunjo na katikati ya vidole, dawa ya fangasi, mafuta ya kulainisha, kuinua mguu. Wanaofanya hivyo kwa uaminifu homa hizo hupungua kweli.

Kwa wanaorudiwa mara kwa mara, zipo njia mbili zilizopimwa vizuri. Utafiti wa Uingereza na Ireland uliochapishwa mwaka 2013, kwa wagonjwa 274, uliwapa nusu yao penisilini kidogo kila siku kwa mwaka mzima: waliorudiwa walikuwa asilimia 22, wakati wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa walirudiwa asilimia 37. Kinga hiyo ilipungua dawa iliposimamishwa. Mwingine wa Australia, wa mwaka 2020, kwa watu 84 wenye miguu iliyovimba ya muda mrefu, uliwapa baadhi soksi na bandeji za kubana. Waliorudiwa walikuwa asilimia 15, wasiopewa asilimia 40. Soksi hizo zisivaliwe kwa kukisia wala wakati mguu bado unawaka. Daktari aangalie kwanza kama damu inafika vizuri kwenye nyayo.

Shangazi alilazwa siku 3, akamalizia vidonge nyumbani. Wiki ya pili ngozi ya ugoko ikaanza kubambuka kama ya kitunguu, akashtuka, nikampigia muuguzi yule akasema ni kupona huko. Uvimbe wenyewe ulichukua karibu mwezi kwisha, na hadi leo pamebaki doa jeusi mahali mstari wa kalamu ulipokuwa umepita. Fangasi naye ametibiwa. Jioni baada ya kuoga anakausha katikati ya vidole kwa kipande cha kanga kuukuu alichokitenga kwa kazi hiyo tu, kisha, kwa kuwa mgongo haumruhusu kuinama sana, anamwita mjukuu aje na tochi ya simu amwangalizie kidole cha mwisho.